"Utangazaji" na Anwani ya Kundi

Mfasiri aitaye "utangazaji" kila ujumbe uwaendeao wengi katika mtandao wa kompyuta huchanganya mambo mawili. Utangazaji huifikia kila kompyuta iliyomo, itake isitake. Anwani ya kundi, kuanzia 224.0.0.0 hadi 239.255.255.255, si ya kompyuta yoyote. Kompyuta hujiunga na kundi kwa kuiarifu ruta iliyo jirani. Mtumaji hutuma mara moja tu, wala hana haja ya kuwajua wanachama, na ruta hunakili ujumbe pale njia zinapoachana.

Mwalimu wa Buseresere, wilayani Chato, ana mfano karibu: Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vya Wasukuma. "Bagalu" si jina la nyumba. Awaitaye huwaita popote walipo, na asiyejiunga hahusiki.

Kosa hili lina gharama. Toleo la sita la itifaki ya intaneti, lililotolewa mwaka 1995, liliacha utangazaji kabisa likabakiza anwani za makundi. Mwenye neno moja kwa yote mawili ataiandikaje sentensi hiyo? "Kundi" lina harufu ya zizi, ni kweli. Hata hivyo nalichagua kuliko "kikundi", kwani wanachama waweza kuwa maelfu.