Wazaliwa wa Kamina: Uhakiki wa Orodha na wa Sauti Zisizo na Majina

Katika vitabu vya marejeo, vya kuchapishwa na vya intaneti, kuna utanzu mmoja mdogo ambao wahakiki wetu hawajaujali sana: orodha ya watu mashuhuri waliozaliwa katika mji fulani. Ni matini fupi na kavu. Jina, mwaka, kazi: mwigizaji, waziri, mwanakandanda. Aghalabu huwekwa mwishoni mwa maelezo ya mji, baada ya hali ya hewa na idadi ya wakazi, na msomaji huipitia kwa jicho moja. Kwa kuwa haina sentensi kamili, tunadhani haina hoja. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba hoja inayo, na kwamba kwa mji kama Kamina hoja hiyo ni ya kuupunja.

Tuanze na jirani, kwa maana jirani ndiye kipimo. Likasi, mji wa migodi ulioitwa Jadotville zamani za Wabelgiji, una orodha ya kuonea fahari. V. Y. Mudimbe, mwanafalsafa na mwandishi wa riwaya, alizaliwa huko mwaka 1941 na kufariki mwaka 2025 huku vitabu vyake vikisomwa katika vyuo vikuu vya mabara yote. Mwigizaji Marc Zinga alizaliwa huko mwaka 1984. Yeye alimwigiza Patrice Lumumba jukwaani Villeurbanne, Ufaransa, mwaka 2013, katika tamthilia ya Aimé Césaire kuhusu Kongo. Na mwaka 2019, kwenye tamasha la FESPACO kule Ouagadougou, alipewa tuzo ya mwigizaji bora kwa filamu ya Joel Karekezi inayowafuata askari wawili waliopotea katika misitu ya mashariki mwa nchi yetu. Kolwezi inaye Pie Tshibanda, msimulizi aliyezaliwa mwaka 1951, ambaye aliyageuza mateso ya kufukuzwa Katanga kuwa kicheko cha jukwaani huko Ubelgiji. Lubumbashi inaye Baloji, aliyezaliwa mwaka 1978, mwanamuziki aliyegeukia filamu. Kazi yake Augure ilituzwa Cannes mwaka 2023, na mhusika mkuu ndani yake ni huyo huyo Zinga. Wana wawili wa reli moja walikutana Ulaya kutengeneza filamu juu ya mtu anayerudi kwao na kupokewa kama mchawi, na jina la mwongozaji mwenyewe, kwa lugha zetu za Katanga, maana yake ni wachawi. Mwandishi wa riwaya asingethubutu kubuni sadfa ya namna hiyo.

Na Kamina je? Hapo orodha huwa fupi, au hutafuta msaada wa machifu na wanasiasa. Msomaji wa mbali atahitimisha kwamba mji huu haukuzaa wasanii. Hitimisho hilo ndilo tunalolipinga, lakini si kwa kutafuta majina ya kujazia nafasi. Tunalipinga kwa kuuliza orodha yenyewe inahesabu nini.

Inahesabu mahali pa kuzaliwa. Ni kipimo chepesi, kwa sababu kimeandikwa katika hati. Lakini Kamina ni mji ambao hati za kuzaliwa husema machache mno. Reli kutoka Bukama hadi Ilebo, iliyokamilika mwaka 1928, ilipita hapa. Mwaka 1956 tawi la kwenda Kabalo liliunganishwa nayo, na mji ukawa njiapanda. Baada ya Vita Kuu ya Pili Wabelgiji walijenga kambi kubwa ya ndege za kijeshi, ile tunayoiita Kamina-Base mpaka leo, mbali kidogo na mji wa kituo cha treni. Ni katika kambi hiyo walikoshukia askari wa miavuli wa Ubelgiji mnamo Novemba 1964 kabla ya kurushwa Kisangani. Mji wa namna hii huzaa watoto wengi wa wapita njia: mwana wa dereva wa treni, mwana wa askari, mwana wa karani aliyehamishwa kabla mtoto hajajifunza kutembea. Hati itasema Kamina. Mtoto mwenyewe hatakumbuka hata mwembe mmoja.

Kiswahili sanifu kina neno mzaliwa, na kina neno mwenyeji, na mtumiaji makini havichanganyi. Kiswahili cha Kamina, kinachosemwa sokoni na kituoni huku Kiluba kikitawala nyumbani, kina usemi mpana zaidi: mutu ya Kamina. Anayeitwa hivyo huenda alizaliwa Kabongo au Malemba-Nkulu. Kinachotazamwa ni alikosomea, alikoolea, alikozika wazazi wake. Ningependekeza wanaleksikografia wetu wautazame usemi huu kwa heshima, badala ya kuusahihisha kiambishi na kuuacha njiani. Una nadharia ya uraia ndani yake.

Tatizo la pili liko katika neno mwigizaji. Katika Kiswahili chetu cha Katanga kitenzi kucheza hubeba mzigo wote: kucheza mpira, kucheza ngoma, kucheza tamthilia. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi, ambalo Johannes Fabian alilifanyia utafiti na kulitolea kitabu mwaka 1990, lilijenga maonyesho yake kwa maafikiano na ubunifu wa papo kwa papo, bila mswada ulioandikwa neno kwa neno, na hakuna mtazamaji aliyeuliza kama ule ulikuwa uigizaji halisi. Tukilikubali kucheza kwa upana wake, basi wasanii wa Kamina waliosikika katika filamu za dunia ni wengi kuliko wa mji wowote wa jimbo letu la zamani. Walikuwa watoto.

Nazungumzia Missa Luba. Padre Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, alifika Kamina mwaka 1953. Akaunda kwaya ya wavulana arobaini na watano hivi, wenye umri wa miaka tisa hadi kumi na minne, pamoja na walimu wapatao kumi na watano wa shule ya misheni. Misa waliyoiumba iliimbwa kwa mara ya kwanza katika misheni ya Mtakatifu Bavo, Kamina, tarehe 23 Machi 1958. Mwaka huo huo walisafiri Ulaya, wakaimba Ubelgiji, Uholanzi na Ujerumani, na katika Maonyesho ya Dunia ya Brussels. Santuri ikatolewa na kampuni ya Philips.

Maneno ni ya Kilatini, yale ya misa ya kawaida. Muziki ni jambo jingine. Maelezo yaliyoambatana na santuri yanasema wazi kwamba Kyrie imejengwa juu ya kasala ya Kasai, na Sanctus juu ya wimbo wa kuagana wa Kiluba. Waimbaji hawakuwa na nota mbele yao. Waliafikiana juu ya mdundo na mwelekeo wa sauti, kisha wakabuni. Kwa sikio langu Sanctus ndiyo kilele, na sababu si mapigo ya ngoma ambayo wageni huyasifu kila mara. Sababu ni kwamba mwanzo wake hauna haraka. Sauti moja inatangulia, nyingine zinaipokea kama watu wanaomsindikiza mgeni hadi mwisho wa kijiji na hawataki kufika. Gloria ina nguvu zaidi na kina kidogo. Lakini ni Gloria ambayo Pier Paolo Pasolini aliichagua kwa filamu yake ya mwaka 1964 juu ya Injili ya Mathayo, na katika filamu ile, ambamo waigizaji wengi walikuwa watu wa kawaida wasiojua kamera, sauti za Kamina zinakaa vizuri kwa sababu nazo hazikufunzwa kujipamba.

Kisha ikaja If...., filamu ya Lindsay Anderson ya mwaka 1968, iliyotwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka 1969. Mhusika mkuu, aliyechezwa na Malcolm McDowell, ni mwanafunzi wa shule ya bweni ya Kiingereza yenye viboko na vyeo. Chumbani mwake anaiweka Sanctus kwenye gramafoni, anairudia, anairudia tena. Kwake yeye, na kwa vijana wa Ulaya wa wakati ule, wimbo huo ulikuwa sauti ya uhuru, ya mahali pasipo na mwalimu mkuu. Santuri ndogo yenye Sanctus ikauzwa Uingereza hadi ikaingia katika chati za mwaka 1969.

Hapa mhakiki lazima asimame. Waliokuwa wakiimba ni wanafunzi! Walikuwa wavulana wa shule ya misheni chini ya utawala wa kikoloni, waliopangwa safu kwa kimo, na kundi lao lilikuwa limepewa jina la Baudouin, mfalme wa Ubelgiji. Mvulana wa Kiingereza anaota kutoroka shule yake kwa kusikiliza wavulana wa Kamina ambao wako ndani ya shule yao, na wanaimba wimbo wa kuagana. Wahakiki wa filamu wameandika mengi juu ya bunduki za mwisho wa filamu ile. Juu ya kejeli hii, ambayo kwangu ni kubwa kuliko bunduki zote, sijaona maneno ya kutosha. Sidhani Anderson aliikusudia. Lakini kazi ya sanaa hujua mambo ambayo mwenyewe hakuyajua, na aliyeisikia Sanctus akiwa Kamina hawezi kujifanya hakuisikia.

Sasa tuyarudie majina. Jina la kundi lilikuwa la mfalme. Jina la kazi ni la watu wote, Luba, ingawa sehemu za Kyrie na Agnus Dei zinatoka Kasai. Jina linaloandikwa mahali pa mtunzi ni la Haazen, aliyefariki mwaka 2004. Katika waimbaji, jina linalojulikana kwa mapana ni moja: Joachim Ngoi, mwalimu aliyeimba peke yake. Waliobaki wameingia katika marejeo kama hesabu: arobaini na watano, kumi na watano. Majina ya waigizaji wa If.... yanapita juu ya pazia mwishoni mwa filamu, hata ya wanafunzi wadogo.

Yapo majibu mawili ya kututuliza, na yote mawili nayaona dhaifu. La kwanza ni kwamba sanaa ya Kiafrika ni ya jumuiya, haihitaji jina la mtu. Anayesema hivi hajaikaa kasala. Kasala ni utanzu wa majina: mwombolezaji humwita marehemu kwa jina lake, kwa majina ya sifa, kwa majina ya baba na mama na mahali walikotoka, na akikosea ukoo watu humrekebisha palepale. Vivyo hivyo lukasa, ule ubao wa kumbukumbu wa Waluba wenye shanga na michoro, ambao wajuzi wa chama cha mbudye waliugusa kwa kidole huku wakitaja wafalme, safari na mahali patakatifu. Hiyo nayo ni orodha ya watu mashuhuri na miji yao, ya zamani kuliko ensaiklopidia yoyote iliyoandikwa juu yetu. Kwa hiyo Kyrie ya Kamina iliazima sauti ya utanzu ambao kazi yake ni kumtaja mtu, na walioiimba wakaachwa bila kutajwa. Hayo hayakutoka katika mila, yalitoka ofisini.

Jibu la pili ni kwamba kazi imeshakuwa ya ulimwengu, na wenyewe hawana tena haja nayo. Ni kweli imesafiri. Nota zilinukuliwa baadaye kutoka kwenye santuri, na kwaya za mabara mengi huimba kwa kuzisoma kile ambacho watoto wetu walikibuni. Kwaya ya Taifa ya Muungano ya Kenya, chini ya Boniface Mganga, iliirekodi upya mwaka 1990, na rekodi yao ni safi, labda safi kupita kiasi. Wanaimba kwa ustadi wa watu wazima wanaojua wimbo unakokwenda. Lakini tazama: hapo kiongozi ametajwa, kwaya imetajwa, nchi imetajwa. Wakenya walijua kuandika jina lao juu ya kazi. Hatuwaonei wivu, tunawaiga.

Itaulizwa kama haya ni uhakiki wa fasihi au ni madai ya urithi. Nasema hayatengani. Katika filamu ya Raoul Peck juu ya Lumumba, ya mwaka 2000, Godefroid Munongo, waziri wa Katanga ya kujitenga, alichezwa na Dieudonné Kabongo, mwana wa Katanga aliyefariki Ubelgiji mwaka 2011. Tunaweza kujadili jinsi alivyotoa hotuba, alivyopunguza ukali au kuuzidisha, kwa sababu tunajua ni yeye. Kwa mwimbaji wa Sanctus hatuwezi hata kusema kama ile sauti ya kwanza ya kitoto ya upande wa juu ni ya mmoja au ya wawili waliopokezana. Kukosa jina kunamfunga mhakiki mikono.

Aliyekuwa na miaka tisa mwaka 1958 anakaribia themanini. Aliyekuwa na kumi na minne ameshazivuka. Baadhi walikuwa watu wa mji huu, wengine walitawanywa na reli, na vita, na kazi za migodini. Idara za lugha za Haut-Lomami, jimbo lililoundwa mwaka 2015 Kamina ikiwa makao yake makuu, zinao wanafunzi wanaotafuta mada za tasnifu kila mwaka na wanaorudi likizo vijijini mwao. Wapewe daftari na rekodi ya Sanctus. Wasianze kwa kumwuliza mzee alizaliwa wapi. Wampe asikilize kwanza, kisha wamwulize alisimama safu ya ngapi, nani alikuwa kulia kwake, nani kushoto, na ile sauti inayotangulia ni ya nani.