Mwalimu Aliyeshuka Kitini

Zamani huko Ulaya mwalimu wa anatomia hakuugusa mwili. Aliketi juu akisoma maandishi ya Galen, tabibu wa kale, huku chini kinyozi akipasua maiti. Andreas Vesalius, alipofundisha Padova, alishuka. Alishika kisu mwenyewe, akawaita wanafunzi waje karibu, na mwaka 1543 akachapisha kitabu kilichoonyesha kwamba Galen alieleza mengi kutokana na miili ya wanyama. Kwa mfano, taya la chini la mtu mzima ni mfupa mmoja, si miwili kama Galen alivyosema. Karne tatu kabla yake Abd al-Latif al-Baghdadi alikwisha kulisema hilo, baada ya kuchunguza mifupa ya waliokufa kwa njaa Misri.

Ufundi wa kufundisha anatomia nausifu kwa sababu hii: mwalimu wake hodari humleta kila mwanafunzi mezani. Yule binti aliyezibwa na wenzake warefu. Anayetumia mkono wa kushoto. Asiyeweza kusimama muda mrefu. Asiyetofautisha nyekundu na kijani.

Huyu wa mwisho nimfuate kidogo. Vitabu hupaka ateri nyekundu, vena buluu, neva njano, mirija ya limfu kijani. Mwili uliohifadhiwa kwa fomalini hauzijui rangi hizo. Karibu wote ni kahawia iliyofifia. Basi mwalimu humwambia auminye mshipa taratibu kati ya kidole gumba na cha shahada. Ateri ina ukuta mnene na hubaki duara, vena hulala bapa, neva ni kamba isiyo na tundu. Akishaelewa, darasa zima huambiwa lifumbe macho na kupapasa. Wenye macho mazima nao hutoka pale wakijua zaidi.

Kisha huwarudisha kwenye mikono yao wenyewe. Gusanisha kidole gumba na kidole cha mwisho, kunja kifundo cha mkono kidogo: kano nyembamba huinuka katikati yake. Wengine hawana, na jembe wanalishika vilevile. Mwanafunzi aliyefundishwa mapema kwamba kutokuwa nayo si kasoro, atamtazama mgonjwa kwa jicho hilohilo.

Vitabu vyenyewe vina deni. Mwishoni mwa 2021 Chidiebere Ibe, kijana wa Nigeria, alisambaza mchoro wa mjamzito mweusi na kijusi cheusi tumboni. Wengi walikiri kuwa hawajawahi kuona mchoro wa namna hiyo. Fikiria: hata kwetu, ambako karibu kila mjamzito anayeingia kliniki ni mweusi!

Njia ya mwalimu wa anatomia ni ndefu: mkufunzi msaidizi, mhadhiri msaidizi, mhadhiri, na kuendelea. Wenzake waliobaki wodini wana wagonjwa wa kuwashukuru, na kliniki za jioni za kuwaongezea kipato. Yeye hupandishwa cheo zaidi kwa machapisho kuliko kwa saa alizoinama mezani na mwanafunzi aliyeachwa nyuma. Ningekuwa na kura kwenye kamati ya vyeo, saa hizo ningetaka zihesabiwe kwanza.