Vazi la Nyuki

Huenda msomaji umekwisha kuziona picha za Anne Geddes, ama kwenye kalenda ukutani ama kwenye kadi ya pongezi, bila ya kulijua jina la mpigaji. Mama huyu alizaliwa Australia na kuvuma akiwa New Zealand. Katika kitabu chake Down in the Garden, kilichotoka mwaka 1996 na kuuzwa kwa wingi sana, watoto wachanga wamevikwa mavazi ya nyuki na vipepeo, wengine wamelala fofofo. Ufundi wake hauna kasoro: mwanga laini, rangi zimepatana. Hata hivyo kuna jambo linalonikera kila nikifungua kitabu hicho. Mwondoe mtoto huyu umtie mwingine, na picha haitapungukiwa na kitu. Anayepigwa picha ni vazi.

Wamarekani wengi hufanya vivyo hivyo majumbani mwao kila tarehe 31 Oktoba, usiku wa Halloween. Sherehe hii, mkesha wa sikukuu ya Watakatifu Wote, ilipelekwa huko kwa sehemu kubwa na wahamiaji wa Ireland na Scotland katika karne ya 19. Husimuliwa kwamba hapo kale watu walijigeuza sura ili mizimu inayozurura usiku huo isiwatambue. Vazi lilikuwa la kumficha mtu.

Kwetu pwani mama humpaka mwanawe wanja usoni, pengine doa nene katikati ya paji, kusudi jicho la husuda liteleze. Mtoto mzuri hasifiwi ovyo mbele ya watu. Wapo wanaolicheka jambo hili. Mimi si mmoja wao. Tazama sasa lile vazi la nyuki: limeshonwa ili kila apitaye asimame, acheke, aite na wenziwe. Kinga imegeuka kuwa tangazo.

Kwa mtoto mkubwa sina ugomvi. Yeye huchagua mwenyewe awe nani, hubisha mlango wa mtu mzima na kudai haki yake. Maurice Sendak aliijua raha hiyo. Katika Where the Wild Things Are, kitabu cha mwaka 1963, Max anavaa vazi la mbwa-mwitu, anafanya fujo, anapelekwa kulala bila chakula, kisha anasafiri na kuwa mfalme wa madubwana. Vazi lile ni lake, na ghadhabu iliyomo ndani ni yake pia. Mtoto wa miezi sita hajui nyuki ni nini. Hawezi kubisha mlango wala kutafuna peremende, ambazo, tusifichane, huliwa na baba yake. Mchezo ni wa wazazi, naye amekuwa mwanasesere.

Na wanyama wenyewe huchaguliwa kwa hadhari: simba asiye na meno, dubu wa pamba, nyuki asiyeuma. Fisi sijamwona bado. Katika Kiswahili ukimwita mtoto wa mtu mnyama, uwe tayari kujieleza. Simba ni sifa. Ngedere ni ugomvi.

Siwalaumu vijana wetu walioko Minnesota au Ohio wanaowavika watoto wao masikio ya sungura. Wako ugenini, mtaa mzima uko barazani, na kujitenga kuna gharama yake. Ila manyoya mazito humtia mtoto joto, na madaktari wa watoto wa huko huonya asifungwe mikanda ya kiti cha gari juu ya nguo nene.

Jambo moja ningewaomba. Katika rundo la picha za usiku ule haikosi moja iliyoharibika: masikio yamefunika macho, mdomo u wazi, mtoto analia huku mkono mmoja umeshika mkia auvue. Hiyo ndiyo hutupwa. Isitupwe. Ibandikwe kwenye albamu pamoja na zile nzuri, na chini yake liandikwe jina la mtoto.