Hati, Kibao na Kiatu: Vitu vya Mji wa Limuru katika Nitaolewa Nikipenda

Uhakiki wa Nitaolewa Nikipenda, tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii iliyotungwa kwa Kigĩkũyũ, kwa kawaida huanza na itikadi na kuishia papo hapo. Makala haya yanaanza na ukuta wa nyumba ya Kiguunda.

Limuru ni mji wa viatu na wa kanisa. Kiwanda cha Bata, kwa maelezo ya Ngũgĩ, kilikuwapo tangu 1938. Chuo cha theolojia cha St. Paul's kilihamishiwa huko kutoka Frere Town, Mombasa, mwaka 1930. Wakulima na wafanyakazi walioigiza Kamĩrĩĩthũ mwaka 1977 walitoka katika mazingira hayo. Kwa hiyo vitu vilivyopangwa jukwaani havikuwa mapambo. Mtazamaji alikuwa na vya namna hiyo nyumbani, au alitamani kuwa navyo.

Ukutani kwa Kiguunda kuna hati ya shamba la ekari moja na nusu. Kwa tajiri Kioi kuna kibao kinachomtangaza Kristo kuwa mkuu wa nyumba. Kiguunda na mkewe Wangeci, wakiamini kwamba Kioi anataka kumposa binti yao, wanakubali kufunga ndoa kanisani, na hati inawekwa rehani benki ili harusi igharimiwe. Pazia linapofunguliwa tena, kibao kimeshafika kwa Kiguunda. Hapa maelekezo ya jukwaani yanafanya kazi ambayo hotuba ndefu za Gicaamba, na ni ndefu kweli, haziwezi kuifanya: tunaiona nyumba ikibadilishana ardhi kwa heshima ya kununua.

Kiatu, kinyume chake, hakina pahali ukutani. Kimo katika maneno ya Gicaamba, mfanyakazi wa kiwandani. Katika Decolonising the Mind (1986), Ngũgĩ anasimulia jinsi wafanyakazi wa Bata walivyoirekebisha sehemu hiyo. Walieleza hatua za utengenezaji, kisha wakapiga hesabu: kwa siku moja, wafanyakazi wapatao 3,000 walitengeneza viatu vyenye thamani sawa na mishahara yao yote ya mwezi. Je, siku 29 zilizobaki walimfanyia nani kazi? Nashikilia kwamba kutokuwapo kwa kiatu jukwaani si upungufu wa utunzi. Kifaa hicho huondoka mkononi mwa fundi mara kinapokamilika, na kinachobaki kwake ni ujuzi na hesabu. Mwaka 1995 Bata Shoe Museum ilifungua jengo lake Toronto, mji ule ule yalikokuwa makao makuu ya kampuni, ikiwa na viatu vya kale vya mataifa mengi. Viatu vimehifadhiwa huko. Hesabu ya watengenezaji imehifadhiwa katika tamthilia.

Upande wa kanisa tamthilia ina haraka zaidi. Kibao kinasomwa kama chambo tu. Lakini waandishi wenyewe wanaleta waumini maskini wanaoimba wakichanga fedha za kujenga kanisa lao, na nyimbo zao zina uhai ambao hoja ya tamthilia haijui iuweke wapi. Kwa Kioi dini ni samani. Kwa hawa ni sauti na miguu iliyochoka. Ningependa tofauti hiyo ingefuatiliwa hadi mwisho, badala ya kuachwa mlangoni.

Ukumbi wa wazi wa Kamĩrĩĩthũ, uliojengwa na wanakijiji na uliotosha watu wapatao 2,000, ulibomolewa na polisi mwaka 1982. Leseni ya maonyesho ilikuwa imefutwa tangu Novemba 1977, na Ngũgĩ alikamatwa mwishoni mwa mwaka huo. Hakuna jukwaa la kwenda kuchunguza. Kumbukumbu ya vitu vile imo katika mistari ya maelekezo ambayo msomaji huiruka na mwelekezi huifupisha. Mwelekezi anayeigiza Nitaolewa Nikipenda mbele ya ukuta mtupu, akidhani anaipa sura ya ulimwengu mzima, anaiondolea tamthilia hati yake kabla Kioi hajaichukua.