Mshenga Mwenye Mizani

Sina ugomvi na ushenga. Korea imekuwa nao tangu kale. Ninazoziteta ni kampuni za ushenga za siku hizi huko Korea ya Kusini, zinazomwuliza mtu umri, kimo, shahada, mshahara na mali ya wazazi, kisha zikampima. Tangu 2009, wasichana wanaomaliza sekondari huko wamewapita wavulana kwa kiwango cha kuingia chuo kikuu. Lakini katika mizani hiyo, miaka aliyosomea binti shahada ya udaktari huhesabiwa kuwa ni uzee. Mwanamume aliyechelewa kwa masomo husamehewa. Tena shahada iliyompandisha bei (na ada kalipa babake!) mara nyingi huishia kabatini akishajifungua, kwani wengi huacha kazi walee. Wapo wasiotaka tena kuolewa. Siwalaumu.