Jagi: Kuitwa si sawa na kujiita

Mjukuu wangu, mraibu wa vibonzo vya Kijapani, aliniuliza majuzi, "Babu, mbona Jagi anataka kuitwa kwa jina la mtu anayemchukia?" Mimi nilikuwa nimeshampuuza huyo Jagi. Nilimwona mhusika bapa tu, jambazi wa kupigwa na kusahauliwa. Swali lile lilinirudisha kitabuni.

Jagi yumo katika Hokuto no Ken, manga iliyotungwa na Buronson na kuchorwa na Tetsuo Hara kuanzia 1983. Mwaka uliofuata, studio ya Toei iliigeuza kuwa anime. Ndugu wanne waliolelewa na mlezi mmoja, Ryuken, wanafunzwa sanaa ya mapigano, na anayeteuliwa kuirithi ni Kenshiro, kitindamimba. Jagi anakataa katakata. Anamvamia mdogo wake, anatwangwa, anabaki na kichwa kilichoharibika anachokificha ndani ya kofia ya chuma. Kisha anajitia kifuani makovu saba kama ya Kenshiro na kuzunguka akitesa watu. Anaowakamata huwaamuru wataje jina lake.

Hapa sarufi yetu ilinifaa kuliko nadharia. Kiswahili hutofautisha kuitwa na kujiita. Ukisema fulani "anajiita daktari", ushamtilia shaka. Jagi hatosheki na kujiita. Anataka aitwe, tena na kinywa cha mtu anayetetemeka. Lakini jina analolidai ni la Kenshiro! Kwa hiyo hata akijibiwa alivyotaka, anayetajwa si yeye. Hiki ni kinaya kichungu hasa, na hakuna mhusika bapa anayeweza kukibeba.

Wizi huo unawaumiza wengine pia. Rei, ambaye dadake Airi alitekwa, anamsaka mwanamume mwenye makovu saba, na Kenshiro anayo makovu hayohayo.

Nina lawama moja kwa Buronson. Katika pambano la mwisho Jagi anategemea bunduki na petroli, yaani haiamini hata sanaa aliyoigombania. Hapo palihitaji kukawizwa. Badala yake anafichua kwamba kaka zake, Raoh na Toki, wangali hai, kisha anauawa. Mtu mwenye donda la kweli kageuzwa tarishi, basi!

Mwaka 2009 ilitoka manga ya pembeni inayomhusu yeye. Jina lililo kwenye jalada ni Jagi.