Injini Baridi na Mkono wa Jirani

Ustadi wa kuwasha injini ya dizeli katika asubuhi ya baridi haujapewa heshima unayostahili katika maandishi ya Kiswahili, ingawa kwa miongo mingi unga wa kaya nyingi za nyanda za kati za Tanzania umetegemea watu walioumudu. Katika kata ya Busi, wilayani Kondoa, kama ilivyo katika sehemu kubwa ya Mkoa wa Dodoma, mvua ni za msimu mmoja, huanza mwishoni mwa mwaka na kukatika Aprili au Mei, na kwa hiyo mavuno ya mahindi, ulezi na alizeti huingiliana na kipupwe, yaani majira ya baridi kavu ya Juni na Julai. Mashine za kusaga zinazoendeshwa kwa injini hizo huhitajika zaidi katika majira yaleyale ambayo huwa ngumu zaidi kuwaka.

Baridi hiyo si ya theluji. Katika jiji la Dodoma, lililo kiasi cha mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, joto la alfajiri ya Julai hushuka hadi karibu nyuzi 13 au 14 za Selsiasi, na penye miinuko zaidi hushuka kupita hapo. Mkulima wa Kanada, ambaye usiku huunganisha injini ya trekta lake na umeme ili isipoe, na ambaye dizeli yake huweza kufanya nta ndani ya tangi, angeiona hali hiyo kuwa ya uvuguvugu. Hata hivyo, kinachopimwa na baridi ya Kondoa ni uchakavu: injini iliyosaga miaka mingi, ambayo ringi zake, yaani zile pete za pistoni zinazozuia hewa isivuje, zimekwisha kulika, huendelea kufanya kazi vizuri mchana na kukataa kabisa kuwaka alfajiri.

Sababu yake imo katika umbile la injini yenyewe. Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani ambaye injini yake ilifaulu majaribio mwaka 1897, aliondoa cheche na kuliachia shinikizo kazi ya kuwasha: pistoni huibana hewa mpaka ipate joto la nyuzi mamia kadhaa, kisha nozeli hunyunyiza mafuta, nayo yakashika moto bila kuguswa na kitu kingine. Ikiwa chuma cha silinda ni baridi, hunyonya joto hilo. Ikiwa ringi zimelika, hewa huvuja. Na ikiwa oili imekuwa nzito, mzunguko huwa wa polepole, na upolepole huo huipa hewa muda zaidi wa kupoa na kuvuja. Juu ya hayo, hewa ya nyanda za juu ni nyepesi tangu mwanzo. Fundi hupambana na mambo hayo yote kwa wakati mmoja.

Injini ya silinda moja ya aina ya Lister CS, iliyoanza kuundwa Dursley, Uingereza, mwaka 1929, na kuigwa baadaye kwa wingi katika viwanda vya India, hasa mjini Rajkot, inaonyesha vizuri jinsi ustadi huu unavyohitaji watu zaidi ya mmoja. Ina magurudumu mawili mazito, huwashwa kwa hendeli, na ina wenzo mdogo unaoiweka valvu ya moshi wazi ili mzungushaji asikabiliwe na shinikizo kabla ya kupata kasi. Mwenye nguvu na mazoea huweza kuzungusha na kuachia wenzo peke yake mchana wa jua, lakini alfajiri ya kipupwe, injini ikiwa imechoka, mikono miwili haitoshi. Jirani mmoja hushika hendeli pamoja na fundi, au hupokezana naye, na mwingine husimama penye wenzo, sikio lake likifuata mlio, mpaka aambiwe aachie. Akiwahi, magurudumu husimama ghafla; akichelewa, nguvu za wazungushaji huwa zimepotea bure. Mshika hendeli naye hufundishwa kuweka dole gumba upande mmoja na vidole vingine, kwa kuwa injini ikirudi nyuma huweza kuuvunja mkono uliokumbatia chuma.

Kabla ya hapo huwa kumefanyika kazi isiyoonekana sana. Hewa iliyojificha katika bomba la mafuta hutolewa kwa kulegeza nati ya pampu mpaka dizeli itoke bila mapovu. Matone machache ya oili hutiwa penye njia ya hewa ili yazibe kwa muda nafasi kati ya ringi na silinda. Na maji ya moto, ambayo mara nyingi hutoka katika jiko la nyumba ya karibu, si la mwenye mashine, humiminwa kuizunguka silinda. Mafundi wasio na subira humwaga petroli katika njia hiyo ya hewa, jambo linalostahili kulaaniwa waziwazi, kwani petroli hulipuka kabla ya wakati wake, huweza kupasua pistoni, na huwaweka hatarini watu waliokuja kusaidia.

Msaada huo wa majirani hauna budi kuhesabiwa kuwa sehemu ya ufundi wenyewe. Aliyeleta maji ya moto anajua yalipomiminwa na kwa nini. Kijana aliyeshika wenzo misimu miwili au mitatu ameshajifunza kutambua kasi kwa sikio, na anaweza kubaini nozeli inayovuja kabla hajashika spana. Chuo cha ufundi stadi humpa majina ya sehemu na vipimo vyake, navyo vina thamani kubwa, lakini hakina namna ya kumpa alfajiri nyingi za injini ileile moja, pamoja na tabia zake.

Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nyaya za umeme zimevifikia vijiji vingi, na penye mota ya umeme swichi moja inatosha kuanzisha kinu. Huko dizeli imebaki katika matrekta na mashine za kupukuchua mahindi, na trekta ambalo betri yake imelala husukumwa na majirani walewale, dereva akiwa ameingiza gia na kukanyaga klachi, akiiachia pale tu mwendo unapotosha.